Kura Yangu na Dhamiri Yangu

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana wa kanisa letu hunijia nyumbani na swali lile lile: "Mwalimu, Mkristo ampigie nani kura?" Huniuliza mimi kwa sababu ni mzee, na kwa sababu nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya ishirini. Hudhani kwamba mtu aliyesahihisha majibu ya watoto wengi kiasi hicho hawezi kukosa jibu lake mwenyewe. Basi huwakaribisha chai, nikawapa mawaidha mawili matatu juu ya uaminifu wa viongozi, nao huenda zao wameridhika. Wakishaondoka hubaki nimekaa pale pale, maana najua sijawaambia lililo kubwa. Hilo kubwa ndilo nataka kuliandika hapa. Ni aibu yangu mwenyewe, na nimeibeba tangu mwaka 1988.

Nilizaliwa mwaka 1951 katika vilima vya Taita. Wamisheni wa CMS walifika kwetu, huko Sagalla, mwaka 1883, na wakati wangu wa kuzaliwa kanisa lilikuwa limekwisha kuwa mali ya nyumba yetu kama lilivyokuwa jembe na chungu. Baba alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho, watu walioungama dhambi zao mbele ya wenzao bila kuona haya. Nyumbani kwetu pombe haikuingia, na kwangu haijaingia mpaka leo. Naamini kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba uhai wa mtoto ni amana ya Mungu tangu tumboni mwa mama yake. Watu wa mjini huniita mhafidhina, na wajukuu wangu husema mimi ni mtu wa kale. Majina yote mawili nayapokea.

Nilipiga kura mara ya kwanza mwaka 1974, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha walimu na cheti changu cha P1. Usiku wa kuamkia siku ile baba aliniita, akaniambia nisiende kituoni kabla ya kupiga magoti. Akanikumbusha habari za nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme. Hata nabii, alisema baba, alikaribia kudanganywa na kimo cha mtu na sura yake. Tafuta mcha Mungu, mwanangu, halafu mpigie huyo. Nilifanya kama alivyoniagiza, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba hapo ndipo wajibu wa Mkristo unapoanzia na kuishia: kumtafuta mcha Mungu katika orodha ya majina.

Ukaja mwaka 1988. Msomaji kijana huenda hajui mambo yalivyokuwa. Tangu mwaka 1982 sheria ya Kenya ilikuwa imeruhusu chama kimoja tu, KANU. Mwaka 1986 chama kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wake watu wasipige kura ya siri tena, bali wapange mistari hadharani, kila mmoja nyuma ya picha ya mtu wake. Utaratibu huo tuliuita mlolongo. Tena yakawekwa masharti kwamba mgombea atakayepata zaidi ya asilimia 70 ya watu waliopanga mistari amekwisha kupita, na hakutakuwa na kura nyingine ya kumpinga. Baraza la makanisa lilipinga. Maaskofu kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walisema waziwazi kwamba kumlazimisha raia kuonyesha chaguo lake mbele ya chifu, mwajiri na jirani ni kuivua dhamiri yake nguo. Nilizisoma hotuba zao magazetini nikakubaliana nazo kimoyomoyo. Kimoyomoyo tu.

Siku ya uteuzi, mwezi wa Februari mwaka 1988, uwanja wa shule yangu ulikuwa kituo. Asubuhi ukungu ulikuwa ungali umeilalia migomba, na watu walikuja wamejifunika makoti na leso. Wagombea walikuwa wawili. Sitataja kiti wala majina, maana watoto wao wapo na hawana kosa. Mawakala wakasimama na picha, na watu wakaanza kujipanga. Mstari mmoja ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukapita nyuma ya darasa la tano, ukakunja kona ya bustani, ukaishia karibu na vyoo. Mstari wa pili haukufika hata kwenye goli la mpira.

Ofisa aliyekuja kusimamia aliniomba nimsaidie kuhesabu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji wa shule. Niliikubali kazi ile haraka, na nakiri sababu yake: mtu anayehesabu hapangi mstari. Nilijificha nyuma ya kazi. Nilipita nikihesabu vichwa na kuandika katika daftari la mazoezi. Mstari mrefu ulikuwa na watu 318, na mfupi ulikuwa na watu 94. Nilirudia mara ya pili kwa kuanzia mwisho, kama nilivyowafundisha watoto kuhakikisha jumla, na hesabu ikawa ile ile. Nikampa ofisa daftari. Alilitazama, akalifunga, akalitia mkobani mwake. Kisha akapanda juu ya kiti cha darasani akatangaza kwamba aliyeshinda ni mgombea wa mstari mfupi, na kwamba amevuka asilimia 70.

Mwanzoni watu walicheka. Walidhani amekosea jina. Aliporudia, kicheko kikafa, na wale watu wote wakawa kimya uwanjani. Ndipo mama mmoja aliponigeukia. Alikuwa mjane, na watoto wake wanne wote walikuwa wamepita mikononi mwangu. Hakupaza sauti. Alisema tu: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyehesabu. Waambie."

Nikamjibu: "Mama, matokeo yamekwisha kutangazwa na mkubwa. Twendeni nyumbani kwa amani."

Maneno hayo niliyatamka mimi, mtu wa maombi, mwana wa ndugu wa uamsho. Nilijua hesabu, na niliulizwa hesabu. Ningeweza kusema tarakimu mbili tu nikanyamaza. Sababu zangu nilikuwa nazo, na bado nazikumbuka kwa mpangilio wake. Nilikuwa na watoto shuleni wanaohitaji karo. Mwalimu mkuu aliyetajwa vibaya kwa wakubwa angeweza kuhamishwa kesho yake, au kuitwa adui wa chama, na siku zile jina hilo halikuwa dogo. Watu walikuwa wengi na wenye hasira, na pengine pangetokea fujo. Sababu zote hizo ni za kweli, lakini hakuna hata moja iliyonifanya ninyamaze. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, kisha nikakiita kile kicho jina la amani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kusoma somo kanisani. Nilisoma bila kukosea hata herufi. Mama yule alikuwa ameketi kiti cha tatu, na nilipoinua macho hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mikono yake.

Mlolongo haukudumu. Mwaka 1990 wachungaji na mawakili walizidi kupaza sauti, na mwezi wa Desemba mwaka huo mkutano wa KANU uliondoa mlolongo pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Mwaka uliofuata sheria ya chama kimoja nayo ikafutwa. Tarehe 29 Desemba 1992 tulipiga kura ya siri yenye vyama vingi. Asubuhi ile nilikutana na mama yule foleni. Alinisalimu vizuri, kisha akasema: "Leo, Mwalimu, hakuna atakayekihesabu kisogo changu." Nilicheka pamoja naye. Nilitaka kusema neno jingine, lakini foleni ikasogea.

Nikarudi kwenye desturi yangu ya kumtafuta mcha Mungu, na pengine nilimtafuta kwa bidii zaidi, kama mtu anayelipa deni kwa fedha isiyo yake. Mwaka 1997 nilidhani nimempata. Mgombea mmoja alikuja kanisani akatoa ushuhuda wa wokovu wake, na sauti ikamkatika. Katika harambee ya shule yetu aliahidi mabati ya madarasa mawili. Niliwaambia walimu wangu, na wazazi walioniuliza, kwamba huyu ndiye. Alishinda. Mabati hayakuja, na yeye hakuja. Kuta zile mbili zilinyeshewa mvua za miaka mitatu mpaka zikaanza kumomonyoka. Siandiki haya kwa kumhukumu, maana ushuhuda wake huenda ulikuwa wa kweli siku ile alipoutoa. Najihukumu mimi niliyeyachukua machozi ya mtu kuwa cheti cha utendaji wake. Nisingemwajiri mwalimu wa hesabu kwa kigezo hicho.

Kilichonifikisha mahali nilipo sasa ni uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja tu. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Waliouawa walipita 1,100, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Kwetu milimani palikuwa na utulivu, nasi tulikaa karibu na redio. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto mle ndani, wakiwamo wanawake na watoto. Niliposikia habari ile nilizima redio. Waliochoma na waliochomwa, wengi wao walikuwa watu wa kubatizwa. Kila upande ulikuwa umekwenda kituoni baada ya maombi, na kila upande ulikuwa na wachungaji wake waliouambia kwamba mtu wake ndiye chaguo la Mungu.

Mwezi wa Februari mwaka huo viongozi wa baraza la makanisa walikutana, wakakiri hadharani kwamba nao walikuwa wameegemea pande katika uchaguzi ule, na kwa hiyo sauti yao ilikosa nguvu taifa lilipoihitaji. Waliomba radhi. Nililisoma tamko lao gazetini nikaliweka mezani, na nikajua kwamba zamu yangu imefika. Ikiwa maaskofu wameweza, mwalimu mstaafu ana udhuru gani?

Nilichukua sukari na majani ya chai, nikapanda kilima mpaka kwa mama yule. Alikuwa amezeeka, anachambua maharage uani. Nilimwambia yote: hesabu ya 318 na ya 94, daftari lililotiwa mkobani, na woga wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akasema: "Nilijua utakuja, Mwalimu. Ila nilidhani utakuja mapema kidogo." Nikamwomba msamaha. Akanijibu: "Nilikusamehe zamani. Mtu hawezi kushiriki meza ya Bwana na mwenziwe kila mwezi akiwa na kinyongo. Lakini ile kura yangu haikurudi."

Alifariki mwaka 2014. Maneno yake ya mwisho hayo ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote niliyopata kusikia. Msamaha ni wa kweli, nami niliupata. Hata hivyo kura iliyoibwa hairudi kwa kuombwa radhi.

Miaka miwili baada ya siku ile ilikuja kura ya maoni juu ya katiba mpya, tarehe 4 Agosti 2010. Hapa uhafidhina wangu ulitiwa kwenye mizani. Makanisa mengi yalipinga rasimu kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa mahakama za Kadhi. Hiyo haikunisumbua. Sisi watu wa Pwani tunajua kwamba mahakama hizo zilikuwamo katika katiba tangu uhuru, kufuatia makubaliano ya mwaka 1963 baina ya serikali ya Kenya na ya Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa Pwani. Nimefundisha pamoja na Waislamu na kuzikana nao, wala sijapata kuona Kadhi akinipokonya imani yangu.

Ya pili ilikuwa Ibara ya 26. Ibara hiyo inasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba utoaji mimba hauruhusiwi. Lakini inaongeza kwamba unaweza kuruhusiwa ikiwa mtaalamu wa afya ataona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa itaruhusu. Neno afya lilinikaa kooni. Niliona ni mlango mpana mno, ambao mwenye nia mbaya angeweza kuupita bila kuinama.

Binti yangu ni muuguzi. Alikuja nyumbani wiki moja kabla ya kura, na baada ya chakula cha jioni tukabishana. Nilimsomea ibara neno kwa neno. Aliningoja nimalize, akasema: "Baba, wewe umeisoma ibara hiyo mezani. Mimi nimewafumba macho wasichana wodini." Nikamuuliza: "Na watoto wao, mwanangu, nani anawasemea?" Hakunijibu, nami sikuwa na jibu la lile alilosema yeye. Mama yake aliondoa sahani. Tulisali pamoja kama kawaida, na kila mmoja akaenda kulala na lake.

Nilipiga Hapana. Yeye alipiga Ndiyo. Ndiyo ilishinda kwa takriban theluthi mbili ya kura, na tarehe 27 Agosti katiba ikazinduliwa. Kura yangu siijutii. Niliamini nilichokiamini, na bado nakiamini. Kinachonisumbua ni jambo jingine. Baada ya kushindwa nilinunua nakala ya katiba, nikaisoma yote kwa mara ya kwanza, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa penseli mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa nimezisoma ibara zenye mabishano peke yake, kama mwanafunzi anayesoma sehemu anazodhani zitatoka kwenye mtihani. Nikafika Ibara ya 81, inayotaka uchaguzi uwe huru na wa kura ya siri. Nikafika Ibara ya 86, inayoagiza kwamba msimamizi wa kituo ahakikishe kura zinahesabiwa na matokeo yanatangazwa mara moja, pale pale kituoni. Niliweka penseli chini. Mtu aliyeandika maneno yale alikuwa kama amesimama uwanjani kwangu mwezi ule wa Februari 1988. Kitabu nilichokikataa kwa ajili ya ibara moja kilikuwa kimemwandikia mjane yule ulinzi ambao mimi nilishindwa kumpa.

Nikampigia simu binti yangu, nikamwambia nimesoma. Akauliza: "Umebadili nia, Baba?" Nikamwambia: "Kwa Ibara ya 26, la. Kwa kitabu chote, nadhani nilikipima kwa ukurasa mmoja." Akacheka, akasema hata hiyo ni hatua.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti, kwa sababu haukuendeshwa kwa kufuata katiba. Jaji Mkuu alikuwa David Maraga, Msabato ambaye, alipokuwa akihojiwa kabla ya kupewa kazi, alisema wazi kwamba hawezi kufanya kazi siku ya Sabato. Wako waliofurahi kwa uamuzi ule na wako waliokasirika, wala si kazi yangu hapa kuwapatanisha. Mimi nilijifunza kitu kingine. Nilimwona mcha Mungu niliyekuwa nikimtafuta tangu mwaka 1974, naye hakuwa akiomba kura ya mtu. Alikuwa mtu aliyeombwa hesabu, akaisema mbele ya wenye nguvu.

Mwaka 2022 wanasiasa walizidi kuyajaza makanisa. Wakati huo Kanisa letu la Anglikana lilikuwa limekwisha kuwafungia mimbari: Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama waumini wengine, lakini hawatapewa nafasi ya kuhutubia. Nilimshukuru Mungu. Nilikumbuka mabati ya mwaka 1997.

Tarehe 9 Agosti 2022 niliamka saa kumi alfajiri. Nilipiga magoti kama baba alivyoniagiza, ila sala yangu siku hizi imebadilika. Zamani nilikuwa nikiomba nionyeshwe aliye mwema. Sasa naomba kwanza nisiwe mwongo. Nilivaa sweta, nikachukua fimbo na kitambulisho, nikashuka mpaka shuleni kwangu kwa zamani, maana kituo kingali pale pale. Nilipewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Kwa kila karatasi nilijiuliza maswali matatu ambayo uzee umenifundisha. Mtu huyu amefanya nini na fedha zilizopata kupita mikononi mwake? Huwasemaje watu wa kabila na dini isiyo yake wanapokuwa hawapo? Je, akishindwa, nina sababu ya kuamini kwamba atakwenda nyumbani kwa amani? Swali la imani yake na msimamo wake juu ya uhai na ndoa bado nauliza, na lina uzito wake kwangu. Lakini siliulizi peke yake tena.

Kesho yake asubuhi nilirudi kituoni. Matokeo yalikuwa yamebandikwa mlangoni katika ile Fomu 34A. Nilikuwa nimekwenda na daftari la mazoezi. Nilinakili tarakimu zote za wagombea urais, pamoja na kura zilizoharibika, nikarudi nyumbani. Jioni mjukuu wangu alinifungulia tovuti ya Tume ya Uchaguzi kwenye simu yake. Vituo vyote 46,229 fomu zake zilikuwa zikiwekwa pale, mtu yeyote azione. Akatafuta kituo chetu. "Babu, soma zako," akasema. Nikasoma kutoka daftarini, naye akilinganisha na picha iliyomo kwenye simu, jina kwa jina. Zilikuwa sawa zote. Alishangaa kuniona nimevua miwani. Akaniuliza: "Babu, mtu wako ameshinda hapa?" Nikamwambia hapana, si hapa. "Sasa mbona unafurahi?"

Ndipo nilipomweleza habari za mama yule. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu, nje ya mke wangu, kuisikia.

Sisemi kwamba mambo yamekwisha kunyooka. Mwaka ule ule makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo ya urais, na shauri likafika Mahakama ya Juu, iliyoyathibitisha tarehe 5 Septemba. Mabishano yapo na yatakuwapo. Nasema tu kwamba kwenye kituo kimoja, milimani Taita, tarakimu zilizohesabiwa ndizo zilizotangazwa, na mzee mmoja aliyepata kufanya kinyume cha hilo aliona kwa macho yake.

Mama yule aliniambia kweli kwamba kura yake haikurudi. Haitarudi. Lakini vijana wakija tena kuniuliza Mkristo ampigie nani, nimeamua kuwajibu hivi. Kachagueni kwa dhamiri zenu, kwa kicho cha Mungu na kwa macho wazi, jina silitaji. Nami wakiniuliza nilimpigia nani mwaka 2022 sitawaambia. Mke wangu hajui, na mimi sijui lake. Siri hiyo waliinyang'anywa wazazi wao uwanjani pale, na mimi nilikuwapo. Kisha nitawaomba jambo moja. Kesho yake warudi kituoni na daftari, wasome kilichobandikwa mlangoni, wakinakili. Mtu akiwauliza hesabu, hata kama ni mtu mmoja tu, na hata kama mgombea wao ndiye aliyeshindwa, wamwambie.